Ngoma za Masinde Hazikai Kabatini

Makumbusho ya Sellah Muhonja ni vyumba viwili vya matope kando ya barabara ya Shinyalu, na bati la juu limetoboka kama chujio la chai. Ukimcheka, umejitafutia. Alikuwa mpishi wa shule kwa miaka mingi, na alipostaafu alikusanya vyungu, vigoda na ngoma ambazo wenyewe hawakuwa na pa kuziweka, akafungua mlango. Anayetaka chungu cha busaa, pombe ya harusi, huja kukiazima. Wapo wanaokirudisha kimevunjika, na hao Sellah huwatukana bila kuchagua maneno, kisha huwapa kingine.

Serikali ilipotangaza ruzuku kwa makumbusho yanayohudumia jamii, aliomba, akapita mchujo. Fedha hizo zingeezeka paa upya kabla ya mvua za masika kumaliza kuta. Njia nyingine hakuwa nayo. Kilichobaki kilikuwa ukaguzi tu.

Afisa aliyetumwa aliitwa Kipkoech, kijana mwenye adabu zake. Alisifu kila alichoonyeshwa, mpaka alipozikuta uani ngoma tatu za isukuti zimeanikwa juani ili ngozi zake za kenge zikaze.

"Mbona ziko nje, mama?"

"Kuna mazishi. Zinatoka leo."

Kipkoech akamweleza sharti la ruzuku. Kitu cha makumbusho hakiazimwi. Kinawekwa kabatini nyuma ya kioo, kinalindwa.

"Nikishapeleka ripoti, utakayofanya siyajui," alisema. "Lakini leo niko hapa, naona kwa macho. Nakuomba, mama. Leo tu."

Hasira zilimpanda Sellah, na zilimpanda zaidi kwa kuwa kijana alimtakia mema. Aliutazama ukuta wa nyuma, ulivyoliwa na mvua hadi fito zikaonekana, na moyo ukamuuma sana. Jamii gani hiyo atakayoihudumia kwa kuifungia vitu vyake?

Hapo Ignatius akaingia uani na nduguze wawili. Baba yao, marehemu mzee Masinde, ndiye aliyezichonga ngoma zile na kuzileta mwenyewe, na kwa Waisukha mzee wa namna hiyo hasindikizwi kimyakimya.

"Mama, mzee anatolewa nje saa sita," Ignatius alisema. "Watu wanauliza ngoma."

"Si hata spika inaweza kupiga?" Kipkoech aliuliza kwa upole.

Sellah ndiye aliyejibu.

"Masinde alikuwa anapigianga wazee wote wa hapa. Sasa yeye ndiye tuwekee spika?"

Aliinyanyua ngoma kubwa kwa mikono yake mwenyewe, akamvisha Ignatius mkanda wake begani, akaukaza. Zile mbili akawapa nduguze.

"Mama, bila hizo pesa hii nyumba itaanguka," Kipkoech alisema. Sauti yake haikuwa ya vitisho. "Na ngoma zitaoza na mvua."

"Nyumba itaanguka, naijua kuliko wewe. Ngoma zikioza, zitachongwa zingine. Masinde nitamzika mara ngapi?"

Akafunga mlango kwa kufuli, akamwambia Kipkoech aandike alichokiona, asipunguze kitu. Kisha akajifunga leso kiunoni, akatoka barabarani mbele ya ngoma.