Picha ya Bwana wa Mama Riziki

Iko siku moja naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, na uso unaniwaka nikiisema.

Shule niliiacha mapema. Biro yangu, ofisi ya kuchapa hapa mjini Baraka, niliianzisha kwa mikono hii, basi sikupenda kufundishwa. Nilikuwa nimenunua skrini kubwa, ekra tunavyoita, na kile kisanduku cha kuiunganisha na laptop. Laptop naifunga, natazama ile kubwa tu, kama bosi.

Mama Riziki akaja kutoka kijiji cha Swima. Mume wake alizama ziwani, mwili haukupatikana. Alibaki na picha moja kwenye simu. Hiyo ndiyo ingewekwa juu ya kiti, watu wailie badala ya maiti. Nikaifungua. Uso ulikuwa umepanuka kama umekaliwa. Nikaanza kuubana.

Aline, mkimbizi wa kambi ya Lusenda niliyemwajiri, akasema, "Papa, acha kwanza. Sura haina mubaya, ni ekra iko inavuta kila kitu. Fungua laptop, utaona."

"We ulifika juzi, unataka unifundishe mashine yangu?"

Akarudi kukata karatasi. Nikabana mpaka nikaridhika, nikachapa. Kwenye karatasi mtu alitoka mwembamba, lakini marehemu sikuwahi kumwona, nikadhani ndivyo alivyokuwa. Nikaipeleka mwenyewe, nipate shukrani.

Mama Riziki akaikunjua mbele ya waombolezaji. "Huyu ni nani? Bwana yangu alikuwa na mashavu. Hakukufa na njaa."

Nikajibu kwamba simu yake ndiyo mbaya. Ndiyo, nilimdanganya mjane.

Naye akainamisha kichwa. "Unisamehe, papa. Iko simu ya zamani."

Nilirudi bironi, nikamweleza Aline. Aline akachomoa waya kwenye kisanduku, akauchomeka kwenye laptop yenyewe, akachagua kipimo cha skrini ambacho mashine inapendekeza. Akafungua picha ya mwanzo: sura ilikuwa sawa, na mashavu yake. Kisanduku ndicho hakikuiweza skrini ile.

Nikachapa upya, nikaenda kukiri. Wageni walikuwa wameshaondoka. Walikuwa wameililia sura ya mtu mwingine.

Mwanangu, skrini ikikuonyesha kitu kimepotoka, usikimbilie kukinyoosha. Kagua kwanza waya, kisanduku na kipimo. Anayejua akikuambia acha, acha, hata kama amefika juzi. Ukikosea, sema hapo hapo, watu wangali wamekaa. Mungu abariki mikono yako, akuepushe na kuombwa radhi na mtu uliyemkosea wewe.