Vigelegele vya Mama Mkwe

Bega ndilo lililonidanganya kwanza. Msimu wa kahawa, mtu wa huku Ihembe akisema bega linamuuma hakuna anayemuuliza mara mbili. Tunachuma, tunajitwika, tunaanika, na wingu likitanda tunakimbia kuianua. Kwa hiyo nilipoamka bega la kulia likichoma, hasa nikilala chali, nilijilaumu kwa gunia nililojitwika juzi yake kwa kiburi bila kuomba msaada. Mama mkwe akanichua kwa samli ya moto. Alinichua kwa nguvu huku akinisema kwamba sisi wanawake wa siku hizi tumelegea, na mimi nikauma meno nikamwacha aseme.

Tumbo nalo lilikuwa linauma, chini, upande mmoja. Hilo sikulisema. Nilikuwa natokwa na damu ya matone, nikaona ni siku zangu zimekuja vibaya. Mimba haikunipitia akilini hata kidogo, na nilikuwa na sababu: nilikuwa nimefunga kizazi.

Nilifunga baada ya mtoto wa nne, yule aliyenimwaga damu hadi majirani wakaanza kumpa mume wangu pole kabla ya wakati wake. Tulikubaliana sisi wawili, tukaenda, tukarudi, tukanyamaza. Mama mkwe hakuambiwa. Yeye ni Mkatoliki wa misa ya alfajiri, amezaa tisa, na kwake kufunga kizazi ni kumfungia Mungu mlango. Akisali rozari jioni alinitaja kwa sauti, anamwomba Mama Maria anikumbuke, nami upande wa pili wa ukuta nasema moyoni, Mama Maria, usimsikilize huyu. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilificha ili nisizae, na sikuona aibu, wala leo sioni.

Asubuhi hiyo niliinama kugeuza kahawa kwenye turubai. Nilipoinuka macho yakaingia giza. Nilipozinduka nilikuwa nimelala juu ya kahawa, na mama mkwe ananipiga vibao vya mashavu akilia, “Mawe! Mawe!” kama tunavyomwita mama tukiogopa. Sikuwahi kumsikia akiogopa. Hapo ndipo na mimi nilipoanza kuogopa.

Mume wangu alikuwa Kyerwa kwa kaka yake, karibu na mpaka, ambako simu hushika mtandao wa Rwanda na mtu hapatikani mpaka apande kilima. Mama mkwe akaita bodaboda. Nikawekwa katikati, dereva mbele, yeye nyuma amenikumbatia nisidondoke. Kila shimo la barabara lililia tumboni mwangu. Kwenye sikio moja alikuwa ananisalia Salamu Maria, na katikati ya sala anamfokea dereva, “Wewe, umebeba mtu, hukubeba ndizi!” Siku nyingine ningecheka. Nilikuwa nimeloa jasho la baridi, na nilichowaza ni mtoto wangu wa mwisho, ambaye hajui kulala bila kushika sikio langu.

Hospitali tulipokelewa na daktari wa kike, bado kijana. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akanibonyeza tumbo, nikapiga ukelele. Akauliza kama ninaweza kuwa na mimba.

“Hapana,” nilisema.

“Labda,” alisema mama mkwe.

“Haiwezekani.”

“Mpime, mwanangu,” mama mkwe akamwambia daktari. “Huyu ana mume. Haiwezekani kwa nini?”

Nilikasirika kweli. Mtu ninakata roho, na yeye bado anatafuta mjukuu. Lakini sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikashikiliwa mpaka chooni, nikatoa mkojo, na daktari akarudi na kile kipimo mkononi. Mistari miwili.

Mama mkwe alipiga vigelegele. Alipiga mle mle ndani ya chumba cha daktari, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi nje wakaitikia bila kujua wanashangilia nini. Mmoja akachungulia mlangoni akasema hongera. Siku nilipofunga kizazi, nesi alinishika mkono akaniambia kwamba ni mara chache sana, lakini ikitokea ukashika mimba baada ya hapa, usikae nyumbani, kimbia, kwa maana huenda imetunga nje. Nilikuwa nimemwitikia ndiyo, ndiyo, nikiwaza kurudi nyumbani. Sasa maneno yake yalikuja yote.

Daktari alikuwa anaandika. Akasema mimba changa wakati mwingine hutishia kutoka, inaleta maumivu na matone ya damu. Nitalazwa wodini, nipumzike, na asubuhi nitapigwa picha ya tumbo, maana mashine siku hiyo ilikuwa na foleni ndefu. Mama mkwe akasema tumshukuru Mungu. Daktari akainuka kwenda mlangoni.

Sikuwa na namna ya kumwomba mama mkwe atupishe. Mikono yake ndiyo iliyokuwa imenikalisha, angeniachia ningeanguka. Niliogopa kufa, na niliogopa kumwambia, na nasema kweli kwamba kwa muda kidogo sikujua kipi kinanitisha zaidi. Halafu bega likachoma tena, na mlango ulikuwa tayari umefunguliwa.

“Daktari,” nikasema. “Mimi nimefunga kizazi.”

Daktari aligeuka. Vigelegele vilikuwa bado havijaisha vizuri kule nje. Nilihisi mikono ya mama mkwe kifuani kwangu ikikakamaa, nikasubiri iniachie.

“Umefunga mirija? Una hakika?”

“Nina hakika. Kovu hili hapa.”

Kuanzia hapo hakuna aliyetembea tena, wote walikimbia. Foleni ya picha ikawekwa kando, nikapakwa yale mafuta ya baridi tumboni, na daktari na mtaalamu wa mashine wakatazama kioo. Kizazi kilikuwa kitupu. Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija, mrija umepasuka, na damu yangu yote ilikuwa inamwagikia ndani, tumboni, ambako hakuna mtu angeiona.

“Tunakupasua sasa hivi,” alisema daktari.

“Na bega?” Niliuliza swali la kijinga, lakini ndilo lililokuja.

“Bega halina kitu. Damu ikijaa tumboni ikapanda juu, maumivu yanasikika begani. Ungelala mpaka asubuhi…” Akaanza kutafuta mshipa wa kuniwekea dripu.

Mama mkwe alikuwa hajasema neno tangu nilipotamka. Huyu ni mtu asiyenyamaza hata akiwa anakula. Alitembea kando ya machela ameshika mkono wangu, macho mbele, na mimi nilijua huenda nakufa na amenikasirikia, na kwamba hao wanangu wanne atawalea yeye, kwa hasira hiyo hiyo.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji akatokea daktari mpasuaji, mzee wa makamo. Akaniinamia, akanieleza polepole kwamba mrija uliopasuka atauondoa. Lakini wa upande wa pili nao hauaminiki tena, kwa kuwa wa kwanza umefunguka. Aufunge upya, au auache?

Nilifungua mdomo. Ulimi ulikuwa umekauka, sauti haikutoka. Nikamtazama mama mkwe, naye kwa mara ya kwanza tangu kule ndani akanitazama. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Funga,” akamwambia daktari. “Funga, mwanangu, na safari hii ukaze.”

Daktari akanigeukia mimi mwenye tumbo, nikaitikia kwa kichwa. Machela ikasukumwa, nami nilikuwa bado naogopa, naogopa vibaya sana. Ilibidi nesi atubandue vidole kimoja kimoja, maana hakuna kati yetu aliyekuwa anamwachia mwenzake.