Karatasi ya Safu Tatu Pale Steshenari

Jamani, leo nimemwita mwenyekiti wa kitongoji kwa sababu ya karatasi. Msinicheke kwanza.

Niko steshenari kwangu hapa Rulenge. Anaingia mzee nisiyemjua, anataka nimchapie orodha.

Safu ya kwanza Kifaransa.
Ya pili herufi kama za Kiarabu, ila nilivyoona siyo Kiarabu.
Ya tatu tupu.

Nikajisemea, huyu si bure. Huku kwetu mpakani na Burundi, Kifaransa peke yake kinatosha uulizwe umetoka wapi.

"Mzee, kitambulisho unacho?" Hata shikamoo nilisahau.

Akakiweka mezani. Bado sikumwamini, nikampigia mwenyekiti. Naye akafika, akaishika karatasi kwa ncha za vidole kama inauma.

"Hii safu tupu unataka kuandika majina ya watu?"

Mzee akacheka. Kumbe ni mwalimu mstaafu wa fizikia, wa Murukulazo, alisomea Burundi. Orodha ni ya maneno ya fizikia; safu ya pili ni Kiajemi, aliandikiwa na rafiki aliyesoma naye.

Akagusa mstari wa kwanza, akaniangalia mimi.

"Huu ni ukingo wa shimo jeusi kule angani. Ukiuvuka, hata mwanga haurudi. Wafaransa wana neno lake, Waajemi wana lao. Safu tupu ni ya Kiswahili. Nimesikia ulifaulu fizikia, mwanangu. Sisi tunauitaje?"

Mwenyekiti akanigeukia. Sasa anayetiliwa mashaka ni mimi.

Mnaojua andikeni hapo chini, kesho anarudi.

Maana nilimdai kitambulisho, akakitoa. Yeye kaniomba neno moja la lugha ninayoichapa kutwa nzima, sikuwa nalo.