Ndugu wa Kwenye Karatasi

Kwenye karakana yetu ya sare za shule mimi nashona vifungo, Fundi Kola anashona kola. Sote pale ni wakimbizi wa nchi moja, kwa hiyo siri haikai. Ukipiga chafya asubuhi, mchana unaletewa dawa na watu watatu.

Fundi Kola alikuwa akiishi na Mrefu, kaka yake. Hivyo ndivyo tulivyojua. Walipovuka mpaka waliulizwa, "Nyinyi ni nani kwa nani?" Wakajibu ndugu. Wangejibu nini, na anayeandika ni mtu wa kwetu? Baba wadogo wa Mrefu ndio waliowachomea nyumba, kwa kuwa yeye na Fundi walikuwa wanapendana, mwanamume na mwanamume. Haya Fundi ameniambia juzi tu, na majina nimeyaacha makusudi.

Uongo ule uliwapatia chumba. Ukawapatia na sisi, mashangazi wa kujipachika, kila wiki tunamtafutia Mrefu mchumba.

Kisha ofisi ya wakimbizi ikaanza kuhamishia watu nchi ya mbali. Mrefu aliitwa kwanza kuhojiwa. Mkalimani wake hakuwa wa kwetu, basi Mrefu akaeleza yote, ila alipoulizwa kama ana mwenza akasema hana, asije akamponza Fundi. Tena karatasi ilisema ndugu; kuigeuza ni kukiri walidanganya, wakose wote wawili.

Fundi alipoitwa, alimkuta mkalimani ni shemeji wa tajiri yetu, mtu asiye na kifua hata kidogo. Akasema alikimbia shida tu. Shida nani hana? Mrefu akapata safari, yeye akakosa, maana ndugu mtu mzima hahesabiwi familia.

Siku ya kuondoka tulijaa uani tukishangilia. Wakaagana mbele yetu kwa kupeana mikono, kama kaka na kaka, wala hatukuwapisha hata dakika moja.

Kesho yake Fundi alilia juu ya cherehani. Siku ya nne bado analia, kola zinalowa, watu wameanza kutazamana. Nami, na busara zangu za kuokota, nikamwinamia.

"Baba, inatosha sasa. Ndugu si mke."

Neno lile najichukia nalo mpaka leo.

"Kweli, dada," akasema. Akapangusa uso, akaomba radhi kwa kola alizoziharibu, akaendelea kushona.