Fundi wa Friza na Sinia la Mifupa

Mimi nimesomesha Kurani miaka mingi kuliko meno yaliyobaki kinywani mwangu, na najua kila neno nitakalolitamka hapa nitakuja kuulizwa. Kwa hivyo sina sababu ya kupamba. Haya yamenifika mimi mwenyewe, mchana kweupe, jikoni kwangu, ghorofa ya tano, Michenzani.

Mke wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha usia mmoja tu: siku ya hitma ya arobaini yake, watoto wa madrasa wale pilau la nyama washibe, wasipewe la kuonja. Kaka zake wa Makunduchi wakaleta mbuzi watatu. Wakachinjwa, nyama ikatiwa kwenye friza yetu ya kulala, ikajaa hata kifuniko tukakifunga kwa kukikalia. Hiyo ilikuwa Jumanne. Hitma ni Ijumaa.

Jioni ile ile friza ikaanza kunguruma. Mwanzo ilikuwa kama mtu anayekoroma, inazima yenyewe, inawaka tena. Kufika Jumatano asubuhi mambo yamezidi: ta, ta, ta, kama ukucha unagonga bati. Nilipofunua na kubonyeza nyama ya juu, kidole kikazama. Imeanza kulegea! Wallahi nilihisi uso wa mke wangu umenigeukia. Usia mmoja tu, na huo nao unishinde?

Bi Kidawa, dada wa marehemu, ambaye nakaa naye, hakuwa na shaka.

"Shemeji, hiyo si friza tena. Kishaingia kitu."

"Kitu gani kikakae kwenye baridi ile, Bi Kidawa? Kimekosa nyumba?"

"Cheka tu. Mimi nshaona."

Adhuhuri nikawaambia watu msikitini kwamba natafuta fundi. Niliporudi, Bi Kidawa alikuwa ameshakwenda Darajani kununua mchele na bizari. Nikakaa roshani, upande wa upepo, na msahafu wangu.

Nikasikia hodi. Nikajibu karibu, akaingia mtu wa makamo, kanzu nyeupe, kofia ya kushona mkono, ananukia udi. Kapanda ngazi za ghorofa tano na hahemi. Mkononi hana mkoba wala bisibisi.

"Assalamu alaykum, sheikh. Friza inakusumbua."

Nilimwitikia salamu. Sikumuuliza kaambiwa na nani, maana si nilishatangaza msikitini? Na najua mtaniuliza kuhusu miguu yake. Sikuiangalia. Mgeni hakaguliwi miguu. Nikampeleka jikoni.

Sasa sikilizeni nilichokiona. Nimeshaona mafundi wengi, na wengi wao hufungua kwanza, husikiliza baadaye. Huyu alisikiliza. Friza ilikuwa inagonga, ta, ta, ta. Akaomba mwiko wa pilau. Ncha moja akaiweka kwenye ubavu wa friza, nyingine sikioni, akafumba macho. Akahamisha mwiko shubiri moja, akasikiliza tena. Akaegemeza kiganja juu ya kifuniko, kelele ikapungua, akakiondoa, ikarudi.

"Mashine yako nzima," akasema. "Inaonewa tu."

Akaomba bakuli la maji, akaliweka juu ya kifuniko. Maji yakaegemea upande mmoja. "Unaona? Imesimama kwa mguu mmoja kama korongo." Akakunja kipande cha boksi, akakisukumia chini ya mguu mfupi, maji yakatulia. Kisha akaivuta friza, na nyama yote ile ndani yake, kama mtu anayevuta kibao cha mbuzi ya kukunia nazi.

"Mmeibana ukutani, haipumui. Joto lake linarudi tumboni mwake, basi inachoka, inazima. Iachieni nafasi ya kupita mkono."

Mkoromo ukakoma. Umebaki ule ukucha. Akachungulia nyuma, halafu akarudi hatua mbili na kugeuza uso.

"Hicho kitoe wewe, sheikh. Mimi sikiwezi."

Nikainama. Kwenye mabomba ya nyuma kumefungwa hirizi, imeshonewa kitambaa cheusi, inaning'inia kwa uzi. Kila mashine ikitetemeka, hirizi inagonga bati. Nikaikata, nikaitia mfukoni. Friza ikatulia, unasikia sauti nyembamba tu, kama mtoto aliyelala.

Subhanallah! Mtu na mwiko na bakuli la maji. Nilimtazama kwa furaha ambayo sikuwa nayo tangu msiba. Nikamuuliza ujira wake.

"Mmoja tu. Siku ya hitma, mifupa msiitupe jaani pamoja na taka. Ikusanyeni, muiweke pahala safi."

"Unafuga?"

Akacheka. "Nina watoto."

Nikaingia chumbani kumchukulia birika la kahawa. Niliporudi hayupo, wala sikusikia mtu akishuka ngazi. Punde akaingia Bi Kidawa, anatweta, mfuko wa mchele kichwani.

"Hukupishana na fundi?"

"Nimepishana na paka. Fundi gani?"

"Wa friza. Imeshapona, njoo usikie."

Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa. "Shemeji, nisikie nini? Umeme umekatika tangu adhuhuri, ulipokuwa msikitini. Darajani kote wanawasha majenereta."

Nikabonyeza swichi ya taa. Haikuwaka. Nikaenda kwenye friza. Kimya, taa yake ya kijani imezima. Sasa niambieni nyinyi: ile iliyokuwa ikigonga mbele yangu, ikitetemeka chini ya mwiko, ilikuwa inakula umeme wa wapi?

Nikaitoa hirizi mfukoni. Bi Kidawa akakaa chini bila kuambiwa.

"Nimeifunga mimi jana, baada ya magharibi," akasema. "Nilitaka kumtoa huyo aliyeingia."

"Umemgongea mlango, naye akaja kuufungua kwa adabu."

Umeme ulirudi Ijumaa alfajiri. Wajuzi watasema friza iliyojaa, isiyofunuliwa, hukaa na baridi yake siku mbili. Nakubali. Lakini Jumatano nyama ilikuwa inazama kidole. Ijumaa tuliibandua kwa shoka.

Watoto walikula. Mmoja alilala pale pale kwenye jamvi, mkono ungali na mafuta. Nikasema moyoni, mke wangu, umeona?

Mifupa niliikusanya mwenyewe. Na hapo ndipo nilipotahayari, maana mimi ndiye niliyewasomesha watu miaka yote hiyo kwamba mfupa uliotajiwa jina la Mwenyezi Mungu ni chakula cha ndugu zetu majini. Nimelisomesha, na lilipobisha hodi sikulitambua. Nikaipanga kwenye sinia, nikapanda nayo paa la nyumba, nikafunga mlango kwa kufuli. Ufunguo ulilala na mimi.

Asubuhi mifupa haipo. Paka, mtasema. Michenzani hatuna uhaba wa paka. Lakini paka gani anayeosha sinia, akalifudikiza likauke, na likanukia udi?

Tangu siku hiyo friza haijakohoa. Bi Kidawa haifunui ila kwa kutoa salamu kwanza, na mimi kila tunapokula nyama hupanda paani.

Basi ninyi mlionisikiliza, friza ikipiga kelele, iangalieni miguu yake na ukuta wake kabla hamjamtuhumu mtu. Mifupa msiitie jaani. Na anayekuja kukutengenezea kitu kwa mikono mitupu, muulize ujira wake mapema, na ukishauahidi usiuchelewe, maana hujui ni watoto wa nani wanaosubiri.