Nilivyotolewa damu mara mbili kwa siku moja ili shangazi arudi kwenye dawa

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa katikati ya mji na sie wa pembezoni.

Hiki ninachoweka hapa kimetokea kwenye ukoo wetu, na mhusika mwenyewe amenipa ruhusa nikiandike. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, na pale nilipofanya ujinga nimepaacha vilevile mpasome.

Kwanza mnijue. Mie ni mtu wa kubisha. Nimesoma takwimu chuo, na tangu nimalize hakuna kitu ninachokipokea hivihivi. Utabiri wa mvua nabisha. Maandishi kwenye chupa ya maji nabisha. Nyumbani Boko wameshaniita Tume ya Uchunguzi, na kusema kweli nilikuwa najisikia fahari.

Sasa shangazi yangu, nimwite Zuhura, ni fundi cherehani kule Chanika. Anashona sare za shule. Anaishi na VVU tangu mie nikiwa shule ya msingi, na sie wa ndani hajawahi kutuficha. Dawa alikuwa anameza kila siku baada ya taarifa ya habari, bila kukosa, miaka yote hiyo.

Kuna jambo wengi wa umri wangu hamlijui. Watu walioanza dawa zama zile walilelewa na namba moja: CD4.

Hizo CD4 ni seli za kinga zilizomo kwenye damu. Ndizo zinazotoa taarifa kwa seli nyingine kwamba kuna adui, na ndizo kirusi hiki kinazoingia na kuziangamiza. Enzi hizo upewe dawa au usubiri kwanza, iliamuliwa na hiyo namba. Kwa hiyo kwenye mabenchi ya kliniki walikuwa wanaulizana kama wanafunzi siku ya matokeo: mwenzangu, wewe una ngapi leo? Shangazi anazikumbuka zake zote kwa mpangilio, kama mtu anavyokumbuka siku za kuzaliwa za wanawe.

Baadaye kliniki ikabadilika. Siku hizi mtu aliyetulia kwenye dawa wanampima wingi wa virusi. Anaambiwa virusi havionekani, anapewa dawa za miezi sita, anarudi nyumbani. Namba yake hapewi.

Shangazi hilo lilimkera kuliko tulivyodhani. Idi iliyopita akanilalamikia: mbona hawanipimi tena CD4 zangu?

Na mie, pilau mdomoni, nikajibu hivi: "Shangazi, ukiona watu wameacha kukuonyesha namba, jua kuna kitu wanaficha."

Sikuwa nimesoma chochote. Nilisema tu, kama ninavyosemaga kuhusu maji ya chupa. Nikaomba kachumbari, nikaendelea kula.

Miezi kadhaa ikapita. Jumamosi moja nikaenda Chanika kupeleka suruali ipunguzwe. Namsalimia shikamoo, ananiitikia huku anacheka, sura imenawiri. Akaniambia keti kwanza, nina habari yako.

Habari yenyewe ndiyo hii. Baada ya yale maneno yangu alikwenda kwa tabibu mmoja wa mitishamba Kiwalani, ambaye yeye bado anatumia CD4. Unapima kwenye maabara ya mtaani, unakunywa dawa yake mwezi mzima, unapima tena. Shangazi alianza na 431. Baada ya mwezi, 588.

Alipoiona hiyo 588 aliacha ARV, zile dawa za kliniki. Wiki sita zilikuwa zimeshapita. Makopo yalikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya mabaki ya vitambaa, hayajafunguliwa. Kliniki hawana habari, maana siku ya kurudi bado.

"Wewe ndiye uliyenifungua macho, mwanangu," akaniambia.

Nikaanza kumwambia arudie dawa jioni hiyohiyo. Akanitazama kama fundi anavyomtazama mteja aliyebadilisha mshono mara ya tatu. Akasema siku ile ulisema vile, leo unasema hivi, sasa nifuate lipi? Halafu namba imepanda, si ipo kwenye karatasi?

Mtu aliyezoea kubisha kila kitu, siku akitaka aaminiwe hana pa kuanzia.

Nikaomba nizione hizo karatasi mbili. Nikazipiga picha, nikaondoka nazo.

Nilizikodolea macho siku nzima ya Jumapili. Maabara ileile, mashine ileile, jina lake sahihi. Nilishakata tamaa ndipo nikaangalia pembeni juu, pale panapochapwa muda wa kutolewa damu.

Ya kwanza: saa tatu na dakika kumi asubuhi. Ya pili: saa kumi na mbili na nusu jioni.

Nikajiuliza swali la kijinga kabisa. Hivi hizi seli zinakuwa na idadi moja kutwa nzima?

Nikampigia Happy. Huyu tulisoma naye sekondari, mtoto wa Mbeya, sasa ni mtaalamu wa maabara moja huko Kinondoni. Hata sikumaliza kueleza. Akasema asubuhi zinakuwa chache kwenye damu, jioni zinaongezeka, kila mtu yuko hivyo, mgonjwa na mzima. Akauliza siku ile ya kwanza shangazi yako alikuwa na homa yoyote? Nikakumbuka shangazi mwenyewe alinisimulia kwamba alikwenda Kiwalani akiwa na mafua makali. Happy akasema basi hapo tena, mafua nayo yanaweza kuzishusha kwa muda.

Wakuu, nilirukaruka chumbani kama timu yangu imefunga. Nilikuwa nimepata kitu cha kumwonyesha shangazi. Maana maneno yangu hayakuwa na thamani tena kwake. Ilibidi aone namba, kwa macho yake, kwenye mwili ambao haujanusa dawa ya tabibu.

Mwili huo ulikuwa wangu.

Nikambembeleza siku mbili, akakubali kuja Kinondoni. Saa tatu asubuhi Happy akanitoa damu, shangazi amesimama palepale anasoma jina kwenye kichupa kuhakikisha sijafanya mchezo. Tukashinda mjini. Hakuniacha hata dakika. Nikienda msalani ananisubiri nje. Nilikula wali maharage na soda moja, naye alikagua hadi kile kijiko.

Saa kumi na mbili na nusu jioni, mkono wa pili. Tukasubiri. Happy akaja na karatasi zote mbili, akampa shangazi, mie akanipita.

Asubuhi 702. Jioni 918.

Shangazi akavaa miwani, akavua, akaifuta kwa kanga, akavaa tena.

"Na wewe umekunywa nini?"

"Soda, shangazi. Si ulikuwepo."

Ndipo Happy akavuta kiti, akaongea naye kwa heshima, na ninayaandika maneno yake kwa sababu kwenye vitabu sijayakuta yakisemwa vizuri hivi.

"Mama mkubwa, kwenu Chanika mna ulinzi shirikishi?"

"Tunao."

"Ukienda ofisi ya mtaa saa tatu asubuhi ukawahesabu walinzi, utawakuta wangapi?"

"Wawili, watatu. Wengine wamelala majumbani."

"Ukienda jioni wakijipanga kuingia zamu?"

"Hata kumi na wawili." Akaziangalia tena zile karatasi. "Kwa hiyo mtaa haujaajiri mtu mpya."

"Haujaajiri mtu. Seli zako nyingi haziko kwenye damu, ziko kwenye matezi na sehemu nyingine. Sie tunahesabu zile zinazopita barabarani saa hiyo."

Shangazi akauliza lile swali alilolishikilia tangu Idi: sasa kliniki waliacha kunihesabia kwa nini? Happy akamwambia zamani hawakuwa na namna rahisi ya kumwona mwizi, yaani kirusi, kwa hiyo walihesabu walinzi. Siku hizi wanamtafuta mwizi mwenyewe. Akikosekana, walinzi wanarudi taratibu.

Mie nikadakia, je, akiachwa? Na hapa wakuu ndipo kichwa kilinifunguka. Happy akasema virusi vikikaa mwilini miaka bila kudhibitiwa, haviui tu hizo CD4. Kuna seli nyingine, CD8, ambazo kazi yake ni kuua seli iliyokwishaingiliwa. Hizo zinapigiwa filimbi kila siku, hazina mapumziko, mwisho zinachoka. Ukizihesabu zipo. Zimesimama kwenye zamu, rungu mkononi. Lakini mwizi anapita, haziinui mkono.

Yaani namba ipo, kazi haipo! Miaka mitatu ya takwimu, na hilo sikuwahi kuliwaza. Nimesoma baadaye nikakuta homa ya ini ya muda mrefu nayo huzichosha hivyohivyo.

Jioni ile tukaachana. Kesho yake asubuhi na mapema akanipigia: njoo unisindikize kliniki, peke yangu naona aibu.

Nilidhani atagombezwa. Nesi alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru kwa kusema kweli, daktari akaagiza vipimo, akamrudisha kwenye dawa. Majibu yalipotoka, virusi vilikuwa vimerudi, tena kwa maelfu. Na CD4, ambazo safari hii waliona wampime, zilikuwa 540. Angebaki na namba yake ya Kiwalani, angeendelea kufurahi huku nyumba inaibiwa.

Kwa tabibu nilikwenda pia, nikiwa nimejiandaa kugombana. Nikakuta mzee mpole. Aliniambia kwa miaka ameona watu wakipima jioni majibu yanakuwa mazuri, akadhani dawa yake inahitaji kutwa nzima kufanya kazi, ndiyo maana kipimo cha pili huwapeleka jioni. Nikamwonyesha karatasi zangu. Alizishika muda mrefu. Sikuona tapeli pale. Niliona mtu aliyepata jibu akaacha kuuliza, na hilo lilinichoma, maana mie nilikuwa nauliza na kuondoka kabla ya jibu.

Shangazi alimeza dawa miezi mitatu, kila wiki watu wa kliniki wakimpigia simu. Siku ya kipimo cha marudio tulikaa benchi moja. Akaitwa, akaingia, akatoka ameshika kadi yake kifuani. Virusi havionekani.

Nikamwomba radhi, vizuri, kwa mara ya kwanza. Nikamwahidi sitabisha tena.

"Bisha," akasema. "Ukoo mzima hakuna mwenye akili ya kusoma saa kwenye karatasi. Ila ukishauliza kitu mbele yangu, kaa hapo hapo mpaka jibu lije."

Hilo ndilo somo langu wakuu, sina la kuongeza juu yake.

Kama una ndugu aliye kwenye dawa miaka mingi, muulize leo kama amewahi kuelezwa kwa nini CD4 hazipimwi kila mara kama zamani. Usiishie kumuuliza, nenda naye akaelezwe. Na wataalamu wa maabara mliomo humu, mnisahihishe nilipokosea. Nipo, nasoma kila mchango, siondoki.