Simu ya Mama Juu ya Kibanda cha Kuku

Fundi wa simu tunayepakana naye sokoni Kakamega ni mtu mzima mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kipajini, na sijawahi kumwona akizibadilisha. Yeye anafungua simu, mimi nauza mapazia, na katikati yetu kuna ukuta wa turubai ambao haujawahi kuzuia neno hata moja. Ndiyo maana nilimsikia asubuhi ile akimwambia mteja, kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya, kwamba simu yake hairudi nyumbani.

"Kwani imekufa?" mteja akauliza.

"Heri ingekuwa imekufa. Imefura."

Nikachungulia. Fundi alikuwa ameibeba simu ile kwa mikono miwili, akatoka nayo pole pole hadi nje, akailaza ndani ya karai lenye mchanga kando ya mtaro.

"Fundi, unangoja ianguliwe?" nikamwuliza.

"Cheka tu, mwalimu."

Soko zima linaniita mwalimu tangu nimalize kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Kuna waliosema ni ngumbaru. Nikawaambia ngumbaru hafundishwi fizikia. Nilipata C ya fizikia, na mbele ya watu nisiowajua huwa ni B, na siku za harusi imewahi kufika A.

Kwa hiyo nilitoka kwenda kulitazama karai lile kama msomi mwenzake. Fundi akanieleza kwamba betri ya simu hizi ni karatasi nyembamba zilizokunjwa kama chapati, na ndani yake mna maji makali. Ikizeeka, au ikichomwa na chaja mbovu, au ikiangushwa mara nyingi, inatoa hewa, na hewa ile haina mlango wa kutokea.

"Nyingi zinazeeka zinakufa kwa amani," akasema. "Miaka yote nimekaa hapa, zilizowahi kuwaka mbele yangu ni mbili. Lakini ikishafura hiyo imekuonyesha nia yake. Usiichaji, usiibane, usiitoboe. Na zaidi ya yote usiiweke penye joto."

Nikainama karibu na karai.

"Na kama haijafura hivi? Kama ni kifuniko cha nyuma tu kimeinuka kidogo, kama mdomo wa mtu anayetaka kukatiza mazungumzo?"

Fundi akashusha ile miwani ya kipajini juu ya ile ya machoni.

"Kimeinuliwa na nini, mwalimu? Upepo?"

Sasa lazima niseme ukweli wenyewe. Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo nilikuwa nimenunua simu mpya, na ile ya zamani nikampelekea mama yangu nyumbani Iguhu. Kifuniko chake kilikuwa kimeinuka. Nilikiona. Nilikibonyeza kwa kidole gumba, kikainuka tena, nikakifunga kwa rababendi mbili za nywele, moja nyekundu na moja ya kijani, nikajiambia kwamba mama atapenda rangi.

Alipenda sana. Mama anaishi peke yake, na simu ndogo ya vitufe aliyokuwa nayo ilikuwa haionyeshi sura za wajukuu. Aliigeuza geuza ile kubwa, akaipangusa kwa kanga, kisha akauliza swali la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani.

"Na betri yake ikichoka?"

Mimi, mwenye cheti kilichotundikwa ukutani, nikamjibu huku nikitafuna kipande cha ingokho, kuku wetu wa kienyeji: "Ni betri tu, mama. Kama zile za redio."

Nilitaka asiiogope.

Mtu ambaye hakulelewa kwetu hawezi kujua nilichosema pale. Redio ya baba ilikula betri nne kubwa, na duka lilikuwa mbali kama mbinguni. Betri zikichoka, sauti ikawa kama ya mtu aliye ndani ya pipa, hatukununua nyingine. Tulizianika. Kila Jumamosi mama alizitoa, akazipanga kwenye bati kama dagaa, na mimi nikapewa kazi ya kuzigeuza upande wa pili. Nilikuwa waziri wa betri. Jioni zikirudishwa ndani zilikuwa zimepata nguvu ya kutosha salamu za wagonjwa, matangazo ya vifo na nusu ya taarifa ya habari. Hakuna nyumba kijijini iliyofanya vingine. Jua la Iguhu lilikuwa duka letu la betri.

Nilisimama kando ya karai la fundi nikiwaza jambo hilo, na jua lilikuwa limeshapanda. Nikampigia mama. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Nilipiga mara mia nne, au tuseme tisa. Kati ya kupiga na kupiga nilikunja pazia moja, nikalikunjua, nikalikunja tena upande usiofaa. Mteja mmoja akaniuliza kama lile la maua linafika chini kwenye mlango wa futi saba, nikamjibu, "Ameizima."

"Nani?"

"Mama."

Akaenda zake kwa mwenzangu.

Nikampigia jirani wa mama, mwanamke ambaye tulikua pamoja na anayejua hata idadi ya mayai ya kuku wetu. Alikuwa hospitalini Iguhu, kwenye foleni ya macho.

"Umemwona mama leo?"

"Nimemwacha asubuhi akianika."

"Akianika nini?"

"Maharagwe. Na hiyo simu yako."

Nikakaa juu ya marobota ya mapazia.

"Dada, uko? Yeye huianikanga kila siku kukiwa na jua. Anaizima kwanza, ati ipumzike. Anasema siku hizi inashiba haraka lakini inakaa na njaa, kwa hivyo jua linaisaidia."

"Anaianika wapi?"

"Si ni juu ya kibanda cha kuku. Pale kwa bati."

Kibanda cha kuku kimeegemea jiko la mama. Jiko la mama limeezekwa nyasi. Mara tatu tumemwomba atuache tuliezeke kwa mabati, na mara tatu amesema bati halijui kupika. Na mama, akiwa ameanika chochote, hukaa chini ya ukingo wa zile nyasi, kivulini, mgongo kwenye ukuta wa jiko, akikilinda na kuku. Juu yake nyasi kavu, kando ya kichwa chake simu yangu na rababendi zake mbili.

Nikamwachia fundi duka. Akaniita nikiwa tayari nimefika njiani.

"Mwalimu. Ukiikuta imefura, ipeleke mahali peupe, penye mchanga. Ikitoa moshi usiuvute. Na usikimbie nayo."

Mtu wa boda niliyempata alikuwa mwoga, nafikiri ndiye mwoga peke yake katika kaunti. Alipunguza mwendo kwa kila mbuzi. Nilimwambia nina haraka, akanijibu kwamba haraka ni yangu lakini pikipiki ni yake. Khayega tukasimama kuweka mafuta. Sigalagala, tulipokata kulia, niliangalia juu kutafuta wingu. Kakamega hii mvua haikosi saa nane mchana, ina adabu ya mfanyakazi wa serikali wa zamani. Maisha yangu yote nimeilaumu kwa kunilowanishia mapazia. Siku hiyo niliomba ije mapema, nikaahidi sitainung'unikia tena, nikatazama mbingu, ikawa buluu kama sare mpya ya shule. Moto wa jua ulikuwa unapita kwenye helmeti. Nikiwa pale nyuma nilichoma lile jiko kichwani mara ishirini, na kila mara nilichelewa.

Tulipofika kwenye ua wa nyumbani sikuona moshi. Nikaruka kabla pikipiki haijasimama.

Mama alikuwa pale pale. Amenyoosha miguu, mgongo kwenye ukuta wa jiko, bakuli la maharagwe mapajani, akichambua. Juu ya bati la kibanda, kwa kiasi cha mkono kutoka kwenye nyasi, ulikuwepo uteo wa maharagwe, na katikati ya maharagwe simu. Rababendi ya kijani ilikuwa imekatika. Ile nyekundu ilikuwa imejivuta mpaka imekuwa nyembamba kama uzi, na simu yenyewe imetuna kama andazi.

"Mama, toka hapo."

Hakuinua hata kichwa. "Siku hizi mjini ndivyo mnavyosalimia?"

Kwetu huwezi kuingia katika boma la mama yako ukianza na amri. Unasimama, unatoa mkono, unauliza aliamkaje, naye anakuuliza wa kwako waliamkaje, mmoja baada ya mwingine, na nina watoto watano.

"Mulembe, mama," nikasema, nikampa mkono wa kulia huku macho yangu yakiwa juu ya bati.

"Mulembe. Wa kwako wako?"

"Wako wote."

"Na yule wa mwisho, kifua?"

"Kimepona. Mama, naomba unifuate pale kwenye mwembe wa mpaka, nikuonyeshe kitu."

"Kitu gani cha kutoka Kakamega kiko kwenye mwembe wangu?"

Kama ningemwambia simu itawaka angeinuka kuichukua, maana ndivyo alivyo, akisikia kitu kinaungua anakishika. Nikapiga magoti, nikasema lile neno ambalo halijawahi kushindwa.

"Nina jambo la aibu. Sitaki kuku wasikie."

Akaweka bakuli chini. Akainuka kwa hatua zake tatu: mkono kwenye goti, mkono ukutani, kisha yeye mwenyewe. Nikamshika kiwiko mpaka kwenye mpaka, nikamwambia, "Simama hapa. Usije hata nikianguka," nikarudi.

Uteo nilioubeba siku hiyo ulikuwa mzito kuliko watoto wangu wote watano. Kaka yangu alikuwa ameacha lundo la mchanga wa kujengea upande wa choo, hatua kama thelathini. Nilizitembea kama mtu aliyebeba uji uliojaa hadi ukingoni. Joto la simu lilinipanda usoni. Maharagwe yalikuwa yakihama kidogo kidogo kuelekea pale simu ilipolala. Mama, kule nyuma, alikuwa akiuliza kama mwendo ule maana yake nimeacha kanisa letu na kuhamia lingine.

Niliulaza uteo mchangani. Nikarudi nyuma hatua moja, mbili, na ya tatu nikasikia mlio kama wa sufuria ya chai inayotaka kufurika. Rababendi nyekundu ikaruka. Moshi mweupe ukatoka ubavuni kwa nguvu, kisha mwali, mrefu kama mkono wangu. Ningependa kusema ulifika juu ya mwembe. Nimeshawahi kusema hivyo sokoni. Ulikuwa kama mkono wangu.

Mama alianza kuja. Nikamzuia njiani kwa mwili wangu wote, upepo ukaugeuza moshi kuelekea chooni, tukasimama tumeshikana tukitazama. Uteo ukashika moto. Ulikuwa umesukwa na bibi, mama wa mama. Maharagwe yakapasuka moja moja. Jambo lote halikuchukua muda wa kuimba wimbo mmoja wa kanisani, na lilipokwisha palikuwa na doa jeusi mchangani na harufu tamu mbaya ambayo naisikia hadi leo mtu akichaji simu karibu yangu.

Mama aligeuka akatazama jiko. Akapima kwa macho kutoka kwenye bati hadi kwenye nyasi, na kutoka kwenye nyasi hadi mahali bakuli lake lilipokuwa.

"Wewe ulijua?" akauliza.

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na fizikia.

"Nilijua kifuniko kimeinuka. Nikakifunga, nikakuletea."

"Na ulisema ni kama za redio."

"Nilisema."

"Basi nilifanya kama za redio."

"Ndiyo, mama."

Mtu wa boda aliyekuwa akisubiri langoni akavua helmeti. Kisha mama akasema, "Mvua inakuja. Okota maharagwe," akaenda kuchukua bakuli lake pale ukutani.

Nikaokota. Yale yaliyotawanyika kandokando ya mchanga, moja moja, nikipuliza kila moja. Yaliyoungua akasema niyaache. Wingu lilikuwa limefika juu ya mashamba ya chai ya jirani, limejaa, saa nane kasoro, kwa wakati wake. Nilipomaliza nikaelekea mlangoni, naye akanisimamisha kwa kiganja.

"Hiyo nyingine iko wapi?"

"Ipi?"

"Mpya."

Nikaitoa mfukoni. Nikaanza kumweleza kwamba hii ni nzima, bapa kama biblia, haijawahi kuanguka, haina hata joto, na kwamba fundi mwenyewe amesema nyingi huzeeka kwa amani.

"Iweke pale kwenye jiwe."

"Mama, itanyeshewa."

Akalifikiria hilo. Akaenda nyuma ya jiko, akarudi na karai kuukuu, akaifunika simu yangu kwa karai lile na kuweka tofali juu.

Tuliingia jikoni. Alikuwa anasonga obusuma, ugali wetu, mvua ilipoanza, nami nimekaa kwenye kigoda, macho kwenye zile nyasi. Kule nje, chini ya karai, simu ikaanza kuita. Ikaita, ikanyamaza, ikaita tena. Nilijua ni fundi, anataka kujua kama nilifika. Nikainuka nusu.

"Kaa," mama akasema. "Kama inaita, haijawaka."

Nikakaa, nikaisikiliza.